Picha kwanza, stenti baadaye: barua ya wazi kwa wakuu wa hospitali na wasimamizi wa bima

Waheshimiwa,

Mimi ni mpiga picha. Si wa harusi, wa chumba cha sumaku, yule anayekaa nyuma ya kioo na kumwambia mgonjwa kwa kipaza sauti, "Vuta pumzi, toa, usipumue." Sina cheo cha kuwaandikia ninyi, na daktari bingwa wa radiolojia ninayefanya naye kazi angeyasema haya kwa ufasaha zaidi. Lakini yeye huletewa picha zikiwa zimekwisha kupigwa. Mimi humwona mgonjwa akiingia mlangoni, na neno langu linahusu hasa wakati anaoingia.

Miezi kadhaa iliyopita niliteremshiwa mama mmoja kutoka wodini. Macho yake yalikuwa manjano kama kiini cha yai, mikono yake ina michirizi ya kucha kwa kujikuna usiku kucha. Kwenye faili kulikuwa na altrasaundi ya wiki tatu nyuma: mirija ya nyongo ndani ya ini imetanuka, kifuko cha nyongo kimesinyaa na hakina mawe, mahali palipoziba hapakuonekana. Ripoti safi kabisa, ya mtu anayejua kifaa chake kinaishia wapi. Hapo ndipo alipopaswa kuletwa kwangu. Foleni ya MRI, yaani ya sumaku yangu, ilikuwa ndefu, akapelekwa moja kwa moja kwenye ERCP: kamera ikapitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo mwembamba, mrija mkuu wa nyongo ukadungwa dawa ya kontrasti, ikaonekana pamebana karibu na mlango wa ini, ikawekwa stenti ya plastiki, kijibomba cha kuipitisha nyongo. Upande mmoja tu wa ini ndio uliopitika. Siku mbili baadaye akaanza kutetemeka kwa homa. Ndipo ikaja fomu: MRCP, yaani picha ya MRI ya mirija ya nyongo, haraka.

Nikampiga. Upande wenye stenti, mirija ilikuwa imenywea kama tairi la baiskeli lililotolewa upepo. Upande wa pili bado imefura, na ndani yake kuna mapovu ya hewa yaliyopanda kutoka utumboni. Kuta zilikuwa nene kwa maambukizi. Daktari bingwa alikaa na zile picha muda mrefu, akizipandisha na kuzishusha. Swali la mpasuaji lilikuwa moja tu: uvimbe huu unaoubana mrija umepanda hadi tawi lipi la ini, na umeishia wapi? Jibu lilikuwepo kwenye mirija ile siku mama alipofika hospitali, ikiwa bado imejaa nyongo. Sisi tulikuwa tumelimwaga.

Hospitali siitaji, kwa sababu nimefanya kazi katika zaidi ya moja na mambo ni yale yale.

Naomba mnivumilie nieleze kidogo mashine inavyofanya kazi, maana ombi langu lote limekaa hapo. Sumaku za hospitali nyingi ni za tesla 1.5 au 3. Hiyo ya 1.5 ina nguvu kama mara 30,000 ya sumaku ya dunia. Inavipanga viini vya haidrojeni vilivyomo kwenye maji ya mwili, mawimbi ya redio yanavitikisa, navyo vinapotulia vinatoa ishara. Mionzi ya eksirei haimo kabisa. Sasa, ishara ya nyama hufifia upesi, ya maji yaliyotulia hukawia. Kwa hiyo ukichelewa kidogo kabla ya kusikiliza, ini linakuwa limeshanyamaza, misuli imenyamaza, damu inayokimbia mshipani imeondoka na ishara yake, na kinachobaki kinasikika ni maji yaliyosimama: nyongo ndani ya kifuko na mirija yake, na majimaji ya mfereji wa kongosho. Ndiyo MRCP hiyo. Picha za kwanza za namna hii zilichapishwa mwaka 1991, na hadi leo msingi wake ni ule ule. Kwa kazi ya kawaida hatumdungi mgonjwa kitu, kwa kuwa nyongo yenyewe inatosha kung'aa. Jiwe, kwa upande wake, halina ishara ya kutoa, kwa hiyo linajitokeza kama shimo jeusi katikati ya mto mweupe.

Mnaona basi kwa nini stenti ni adui wa picha hii. Kinachopiga picha ni nyongo iliyozuiwa. Ukishaifungulia njia, umezima taa.

Sisemi kila mwenye maumivu ya tumbo aje kwenye sumaku. Altrasaundi ndiyo ya kwanza na itabaki kuwa ya kwanza. Inafanyika kando ya kitanda, na kwa mawe yaliyomo ndani ya kifuko sina cha kuishinda nacho: mgonjwa akigeuka ubavu, jiwe linabingirika na kivuli chake nyuma, kila mtu chumbani anaona. Kwenye kifuko mimi huitwa pale mambo yanapokuwa na utata. Jiwe limenasa shingoni mwa kifuko na linaubana mrija mkuu kwa nje. Ukuta wa kifuko umenenepa na haijulikani kama ni saratani au ni ule unene usio na madhara, wenye vijishimo vilivyojaa nyongo. Kwenye MRI vijishimo hivyo hung'aa vikiwa vimejipanga ukutani kama shanga zilizotungwa uzi, na mpasuaji akiziona shanga hizo moyo wake hutulia. Au mama mjamzito ana maumivu, altrasaundi haikutoa jibu, na hakuna anayetaka kumpitisha kwenye mionzi. Hao waleteni.

Shida yenyewe iko kwenye mrija. Ncha yake ya chini imejificha nyuma ya utumbo wenye gesi, na gesi na altrasaundi havipatani. Mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalijumlisha tafiti zilizokuwepo: kati ya kila watu 100 wenye mawe kwenye mrija mkuu, altrasaundi iliwakamata kama 73, MRCP 93, na altrasaundi ya ndani, ile inayoshuka na endoskopi (kamera ya mdomoni), 95. Siti skani (CT) nayo husaidia kwa mengi, ila mawe mengi ya kolesteroli yana uzito sawa na nyongo yanamokaa, basi yanapotelea humo humo. Nimeshapokea wagonjwa walioandikiwa "siti iko safi" wakiwa na mawe matatu kwenye mrija.

Na ERCP? Naiheshimu sana. Ilianza mwaka 1968 kama njia ya kutazama, na 1974 madaktari wakapata namna ya kukata mlango wa mrija na kutoa mawe bila kupasua tumbo. Ni tiba kubwa. Lakini kati ya kila 100 wanaofanyiwa, watatu hadi kumi hivi huvimba kongosho, wengine huvuja damu, wengine hutobolewa utumbo, na wachache hufa. Mtu aliye na jiwe la kutolewa ana sababu ya kuibeba hatari hiyo. Asiye na jiwe ameibebea nini? Kumpitisha mtu kwenye ERCP ili tu kujua kama kuna kitu ni kuvunja mlango kabla ya kupiga hodi.

Haya si maoni ya mpiga picha mmoja mwenye kinyongo, mnisamehe neno. Mwongozo wa 2014 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unasema mrija ukiwa umetanuka au vipimo vya ini vikiwa vimeharibika, na altrasaundi haikuona jiwe, fikiria MRCP. Mwongozo wa wataalamu wa endoskopi wa Marekani wa 2019 unawagawa wagonjwa mafungu matatu: mwenye dalili kali aende ERCP, mwenye dalili hafifu atolewe kifuko chake, na wa katikati apigwe MRCP au altrasaundi ya ndani kwanza. Hao wa katikati ni wengi, na ndio wanaopotelea kwenye foleni zetu.

Kuna mmoja ambaye naomba msiniletee: mwenye homa, manjano na maumivu, ambaye presha yake inashuka na ameanza kuchanganyikiwa. Huyo nyongo yake imeoza ndani na inamwaga sumu kwenye damu. Ifunguliwe njia kwanza, picha tutaipiga akipona. Dakika 30 ndani ya mtambo wangu zinaweza kumuua, na nikiwa nyuma ya kioo sina la kumfanyia.

Kwa waliobaki naomba utaratibu, maana sasa hivi tunaishi kwa fadhila. Mgonjwa wa manjano akiwahishwa leo ni kwa sababu daktari wake ana namba yangu ya simu, au nduguye anamfahamu mtu mapokezi. Mwenye jirani mwema anapimwa Jumanne, asiye na jirani anasubiri wiki mbili na stenti anawekewa katikati. Tengeni nafasi mbili kila siku kwa ajili ya mirija ya nyongo, zisiguswe hadi saa sita mchana. Zikikosa mtu, nitaweka wagonjwa wa magoti. Msiogope muda: picha moja nene ya mti mzima wa nyongo hupatikana kwa sekunde chache, ndani ya pumzi moja, na vipande vyembamba vinavyofuata upumuaji wa mgonjwa huchukua dakika nne au tano kama anapumua vizuri. Pamoja na kumlaza, kumfunga mkanda na kumtuliza, robo saa hadi nusu saa. Anayehitaji uchunguzi kamili wa uvimbe, na dawa ya kontrasti, atachukua zaidi, na huyo ndiye hasa asiyepaswa kufika na stenti.

Pili, fomu. Nina droo nzima ya fomu zilizoandikwa "maumivu ya tumbo" na saini. Bilirubini, ile rangi ya manjano kwenye damu, ni ngapi? Altrasaundi ilisema nini? Alishatolewa kifuko? Ana klipu ndani, vile vibanio vya upasuaji? Mrija wa milimita 9 kwa kijana mwenye kifuko chake ni habari. Kwa mzee aliyetolewa kifuko miaka kumi iliyopita huenda si habari kabisa. Msomaji wa picha asipoambiwa atabahatisha, na akibahatisha kwa tahadhari ataandika "ERCP inapendekezwa," tukarudi tulikotoka. Fanyeni fomu ikatae kupokelewa bila mistari hiyo minne. Mashine ya kadi za benki inakataa namba ya siri yenye tarakimu tatu, kwa nini fomu yetu ikubali kila kitu?

Kufunga kula nako ni kazi ya uongozi, ingawa inaonekana ndogo. Mgonjwa asile wala asinywe kwa muda wa saa nne hadi sita kabla ya picha, ili kifuko kijae na tumbo litulie. Akila, kifuko kinajikamua na utumbo unaanza kucheza, na maji ya tumboni yanang'aa mbele ya mrija kama taa ya gari usiku. Siku nyingine tunamnywesha juisi ya nanasi muda mfupi kabla ya picha. Ina manganizi, inazima mwanga wa maji ya tumboni na mrija unabaki peke yake. Wanafunzi hudhani ninatania. Ila juisi haimsaidii aliyeletewa uji saa moja asubuhi kwa sababu hakuna aliyeiambia wodi. Nimewarudisha wagonjwa wa namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na kila anayerudishwa ni nafasi mbili zimepotea: ya leo na ya siku atakayorudi.

Sasa nije kwa wanunuzi wa mitambo. Nilishuhudia sumaku mpya ikizinduliwa kwa utepe na hotuba. Ilikuja na koili, yaani antena za kupokea ishara: ya kichwa, ya goti na ya mgongo. Ya tumbo tukaambiwa itafuata, pamoja na mkanda wa kupima pumzi na programu ya MRCP, kwa vile "si lazima kwa kuanzia." Tulikaa karibu mwaka mzima na chuma cha tani kadhaa kisichoweza kupiga kifuko cha nyongo. Kabla ya kusaini, muulizeni atakayekaa kwenye kiti cha kuendesha. Muulizeni pia nani atakuja siku kipoozeo kikikorofisha, kwa sababu sumaku hizi hazizimwi usiku kama kompyuta. Zinapoozwa saa 24, na heliamu ikitoroka mmefunga chumba.

Kwa wasimamizi wa bima nina swali moja ambalo nimelibeba muda mrefu. Kuna kampuni inayodai ionyeshwe jiwe kwenye altrasaundi ndipo ilipie MRCP. Jiwe likishaonekana kwenye mrija, mgonjwa huyo hanihitaji mimi, anahitaji kutolewa jiwe. Anayenihitaji ni yule ambaye altrasaundi imeona mrija umetanuka na haikuona sababu. Mmeandika kanuni inayolipia kipimo kwa asiyekihitaji na kumnyima anayekihitaji. Nimeisoma mara tatu nikitafuta kosa langu. Kisha ERCP, yenye hatari zote nilizozitaja na kulazwa juu yake, mnailipia bila swali.

Nisiwe mwongo nikaipamba mashine yangu. Jiwe lililo chini ya milimita 5 linaweza kunipita, hasa likiwa limekaa kule mlangoni mwa mrija, na hapo altrasaundi ya ndani inanishinda. Hospitali iliyo nayo iitumie. Klipu za upasuaji wa zamani huacha doa jeusi linalofanana na jiwe au mahali pamebana. Mshipa wa ateri ya ini ukipita juu ya mrija unapiga na kuuchora kovu ambalo halipo. Povu la hewa nalo ni jeusi kama jiwe, tofauti yake ni kwamba hewa huelea juu na jiwe hulala chini, kwa hiyo lazima uitazame picha ya kukata mwili kwa upana.

Hilo la mwisho nililijifunza kwa aibu. Kompyuta huvikusanya vipande vyote vyembamba na kutoa picha moja ya kupendeza, mti wa nyongo unaozunguka hewani, ambayo kila mtu anataka kuibandika kwenye mada yake ya mkutano. Namna inavyoitengeneza, kwenye kila mstari inachukua nukta inayong'aa zaidi. Jiwe dogo lililozungukwa na nyongo linafunikwa na mwanga ulio mbele yake na nyuma yake. Mwaka wangu wa kwanza, usiku mmoja mtandao unasuasua, nilimtumia daktari wa zamu ile picha nzuri peke yake na kuviacha vipande kwenye mashine. Ikasomwa kuwa safi. Asubuhi bingwa akaniuliza vipande viko wapi. Tukavifungua pamoja, kipande kwa kipande, na kwenye cha 31 lilikuwepo, la milimita 6, limelala sakafuni mwa mrija kama kokoto kisimani. Mgonjwa alikuwa ameshafungasha nguo zake. Tulimkuta kwenye ngazi.

Ninalisimulia ili mjue kwamba kununua sumaku hakumalizi kazi. Mafunzo ya wapiga picha na nafasi ya kuhifadhi vipande vyote kwenye mtandao wa hospitali ni sehemu ya kipimo, si anasa ya kukatwa bajeti ikibana. Na haraka ninayoidai isije ikavunja ukaguzi wa mlangoni. Aliye na kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, aliyewahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni kwenye karakana, aliyewekewa kitu kichwani ambacho hakijui jina, wote hao nitawasimamisha mlangoni hadi nijue, hata kama mkurugenzi mwenyewe ndiye amenipigia simu.

Mnaweza kuniuliza kwa nini haya yasiende kwenye kikao cha idara. Yalikwenda. Yaliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, na kikao kilichofuata kikazithibitisha kumbukumbu hizo.

Orodha ya kesho iko mbele yangu ninapoandika. Migongo mitano, magoti manne, kichwa kimoja, bega moja. Wodini kuna mwanamume wa manjano, bilirubini inapanda kwa siku ya nne, mrija wake una milimita 11 na altrasaundi haikuona kitu. MRCP yake imepangwa Alhamisi ijayo, na ERCP, kwa maajabu ya makarani wetu, Jumatatu. Nimempigia muuguzi wa zamu asimpe kifungua kinywa. Mwenye goti la saa tatu ana tabia ya kuchelewa.

Wenu katika kazi,
Mpiga picha wa chumba cha sumaku